Shajara ya mradi: nyimbo za filamu za 1994, kutoka kabati la mjomba

Jumamosi, 6 Januari 2024

Kabati limefika. Bajaji safari mbili, na droo moja imebaki kwa mjomba kwa sababu mlango ulikataa kuipitisha.

Kwa wasiojua habari hii: mjomba alikuwa na kibanda cha kurekodi kanda hapa Ngamiani, Tanga, mpaka simu zikaja kumfungia biashara. Ukimletea kaseti tupu, anakurekodia utakacho. Usipokuwa na kaseti, anakuuzia na hiyo. Kabatini mna kanda zaidi ya mia nne, nyingine za wateja ambao hawakurudi kuzichukua. "Zichukue kabla mchwa hawajazisikiliza," aliniambia.

Siwezi kuzibeba zote kwa mara moja, kwa hiyo nimechagua mwaka mmoja. Nitahamishia kwenye kompyuta kanda zote za filamu za 1994, nijazie zile ambazo mjomba hakuwahi kuwa nazo, kisha niteue kumi zilizo bora kupita zote. Baada ya hapo nafunga spika uani kwa mama usiku mmoja, watu waje wasikilize. Picha hazitaonyeshwa. Sharti langu ni hilo moja tu: muziki usimame wenyewe, filamu ikiwa haipo.

Mwaka sikuuokota tu. Juzi Alhamisi, tarehe 4, ilitimia miaka thelathini tangu R. D. Burman, mtunzi wa nyimbo za filamu za Kihindi, afariki Bombay. Alikufa filamu kubwa ya mwisho aliyoitungia nyimbo haijafika sinema, na hizo nyimbo ndizo ninazozishuku tangu sasa kwamba zitashika nafasi ya kwanza. Ila nimejiapiza kutotoa hukumu kabla ya ushahidi.

Jumamosi, 13 Januari

Siku nzima usafi. Kaseti iliyokaa miaka thelathini karibu na bahari haiwekwi kwenye deki hivihivi. Unaifungua skrubu tano, unatazama kile kisponji kidogo kinachoubana utepe kwenye kichwa cha deki. Vingi vimebanduka. Nimekata vipya kutoka kwenye sponji ya kuoshea vyombo, mraba mdogo kama punje ya mchele, nikabandika kwa gundi. Kichwa cha deki nimekisugua kwa pamba na spiriti mpaka pamba ikatoka nyeupe. Tepe zilizolegea nimezizungusha kwa kalamu ya Bic, kama zamani.

Kanda ya kwanza: *Hum Aapke Hain Koun*. Mwandiko wa mjomba, wino wa bluu, "HAHK – zote 14". Nyimbo kumi na nne kwenye filamu moja! Mtunzi ni Raamlaxman, waimbaji Lata Mangeshkar na S. P. Balasubrahmanyam. Ukiitazama filamu ile ni harusi inayozaa harusi, na nyimbo ndizo zinazoibeba: viatu vinaibwa, mtoto anazaliwa, shemeji anataniwa. Mwaka ule huku pwani haikupita arusi bila kanda hii.

Ila kuna jambo linanisumbua. Nimelinganisha na nakala ya mtandaoni. Ya mjomba iko juu, kama nusu ya nusu toni, na inakwenda haraka. Wimbo wa dakika nne unaniishia sekunde saba kabla. Nadhani ni deki yangu. Nimeinunua mtumba, muuzaji aliapa kwa Mungu.

Jumapili, 14 Januari

Siyo deki yangu. Nimepiga kaseti halisi ya kiwandani, ikaenda sawa na mtandaoni. Kanda za mjomba zote ziko juu, kiasi cha asilimia tatu.

Na mama ndiye aliyenichanganya zaidi. Nilimpigia Lata wa mtandaoni, yule wa kasi sahihi. Akatikisa kichwa. "Huyo anaimba kama kaamshwa usingizini. Nipigie yule wa kaka."

Jumamosi, 20 Januari

Leo zamu ya simba. Kanda haina jina la filamu, imeandikwa "SIMBA 94" basi.

*The Lion King* ilitoka Juni 1994 na kwa tuzo ndiyo iliyotamba. Usiku wa Oscar, Machi 1995, Hans Zimmer alichukua tuzo ya muziki, Elton John na Tim Rice wakachukua ya wimbo. Nyimbo tano zilikuwa zikishindania tuzo hiyo ya pili na tatu kati yake zilitoka filamu hii moja.

Tatizo langu nayo ni la Mswahili. Humo ndani kila mtu ana jina letu: Simba, Rafiki, Shenzi. Mama yake Simba ni Sarabi, yaani mazigazi, jina zuri kabisa. Lakini funga macho usikilize, Kiswahili hukisikii. Ule ukelele wa alfajiri unaofungua filamu ni Kizulu, sauti ya Lebo M wa Afrika Kusini, ambaye Zimmer alikuwa ameshafanya naye kazi kwenye *The Power of One* ya 1992. Maneno yetu yamo kama mapambo ukutani. "Hakuna matata" mimi naisikia hotelini. Mtaani kwetu ni "hakuna neno" au "hamna shida". Na hata hiyo ya hotelini, Them Mushrooms wa Mombasa walishaiimba kwenye "Jambo Bwana" zaidi ya miaka kumi kabla ya nguruwe na nguchiro wa Disney.

Nikasema basi, naitoa. Kisha ikafika pale baba anapokufa. Zimmer amesimulia kwamba alifiwa na baba yake akiwa mtoto, na kwamba sehemu ile ilimtoka huko. Hakuna ngoma, hakuna mbwembwe. Kwaya iko chini sana, kama watu wanaoongea msibani wasimwamshe mtoto. Nimeirudia mara tatu. Inabaki, lakini kwa ajili ya Zimmer na Lebo M. Nyimbo za Elton John wenye kuzipenda wanazo nyumbani.

Alhamisi, 25 Januari

Mgao. Umeme umekatika saa mbili asubuhi, umerudi saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa katikati ya kuhamisha *Mohra*, deki ikasimama na utepe ukabaki mdomoni. Umekunjika kama kitambaa kilichonyongwa. Nimeunyoosha kwa kidole, lakini pale mahali pataimba kama mtu aliyemeza maji.

Muziki wa *Mohra* ni wa Viju Shah. Wimbo wake mkubwa umechotwa kwenye qawwali (wimbo wa Kisufi) ya Nusrat Fateh Ali Khan, na waliochotewa hawakuombwa. Siwezi kumhukumu sana Viju Shah huku nimekaa juu ya kanda mia nne za kunakili. Ila nafasi kwenye kumi hapati.

Jumamosi, 3 Februari

Hii ndiyo siku niliyoingojea bila kujua kwamba naingojea.

*Pulp Fiction* haina muziki uliotungwa kwa ajili yake hata kidogo. Mwongozaji wake, Tarantino, aliokota santuri za zamani akazipanga: Al Green, Dusty Springfield, Chuck Berry, Kool & the Gang. Mwanzoni kabisa, majina yakipita, kuna gitaa la Dick Dale, "Misirlou", rekodi ya 1962. Watu wanauita muziki wa mawimbi, wa vijana wa California wanaoteleza juu ya maji kwa mbao.

Mama alikuwa anachambua mchele barazani. Akasimamisha mkono.

"Hiyo Black Star?"

Nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Kwa wageni wa Tanga: Black Star Musical Club ndio walioingiza gitaa la umeme kwenye taarabu hapa mjini, na Shakila akiimba mbele. Gitaa likafanya kazi ya udi. Na Dick Dale naye alifanya nini? Baba yake asili yake Lebanoni. Mjomba wake alikuwa akipiga udi, na mwenyewe amesimulia kwamba "Misirlou" aliujua kutokana na huyo mjomba. Ule mkono wake wa kulia unaotetemeka haraka aliufundishwa na dumbaki. Wimbo wenyewe ulishaimbwa na Wagiriki wahamiaji Marekani tangu miaka ya 1920, na jina lake maana yake ni mwanamke wa Misri. Misri, Misirlou, ukilitamka polepole linajifungua lenyewe.

Ngazi yake ya sauti ni ile ambayo wapigaji wa Kiarabu wanaiita hijaz kar. Kila aliyekulia pembeni ya klabu ya taarabu anaijua masikioni hata kama hajui jina lake. Kwa hiyo mama hakukosea mbali. Udi mmoja uliondoka Mashariki ya Kati, tawi moja likafika Tanga, lingine California, na yote mawili yakawa gitaa la umeme.

Nilipomwambia kwamba anayepiga ni Mmarekani, alirudi kwenye mchele wake. "Anapiga vizuri. Ila ana haraka, kama kaacha gari linanguruma nje."

Jumapili, 4 Februari

Sikulala vizuri kwa ajili ya jana. Nimeongeza filamu ambayo haimo kabatini, na mjomba asingeweza kuiuza hata kama angeipata: *Samt el qusur*, ya Moufida Tlatli wa Tunisia. Inaanza na mwimbaji akiimba wimbo wa Umm Kulthum. Muziki uliobaki ni wa Anouar Brahem, na chombo chake ni udi. Rafiki aliyeko Muscat amenitumia.

Brahem hana haraka. Anapiga noti moja, anaiacha ife yenyewe, ndipo anapiga nyingine. Ukitoka kwa Dick Dale ukaingia kwake ni kama umeshuka kwenye bodaboda ukaingia msikitini. Nitazipanga zifuatane, usiku huo watu wasikie wenyewe.

Jumamosi, 10 Februari

Jaribio la vijana. Wapwa zangu wanne, soda, na nyimbo ishirini bila majina. Kanuni: nyoosha mkono ukitaka nirudie.

*Forrest Gump* ya Alan Silvestri, ule unyoya unaoelea na piano yake: hakuna mkono. *The Shawshank Redemption* ya Thomas Newman: mmoja, akaushusha. (Newman mwaka ule alishindania Oscar kwa filamu mbili, hii na *Little Women*, akarudi nyumbani mikono mitupu.) "Regulate" ya Warren G na Nate Dogg, kutoka *Above the Rim*: mikono minne juu kabla Nate Dogg hajafungua kinywa, na mmoja akasimama kabisa. Hawa wamezaliwa baada ya 2000! Albamu ile toleo lake la kaseti lilikuwa na nyimbo za Tupac ambazo CD haikuwa nazo, na mjomba anayo ya kaseti. Ameniambia kwa majivuno yasiyo kiasi.

Lililonishangaza ni *Chungking Express*, ya Wong Kar-wai wa Hong Kong. Humo Faye Wong anaimba wimbo wa The Cranberries kwa Kikantoni. Mpwa wangu mdogo wa kike aliomba urudiwe mara mbili. "Anaimba nini?" Nikamwambia sijui. "Basi usitafute," akasema. Imeingia.

Silvestri ametoka. Ule muziki bila unyoya ni mtu anayekungojea ukumbuke jambo. Newman nimembakisha kwa mabavu, hii ni shajara yangu.

Jumamosi, 17 Februari

*1942: A Love Story*. Niliogopa kuifungua.

Kanda hii utepe wake ni mzima kabisa, haina hata kunyanzi. Nimesogeza ile skrubu ndogo ya kichwa cha deki kwa bisibisi ya fundi saa, robo mzunguko, mpaka zile "s" za Kumar Sanu zikaacha kufanya ukungu. Fundi mwenzangu alinifundisha: usiangalie mita, sikiliza "s".

Burman alikuwa mfalme miaka ya 1970, kisha watayarishaji wakamkimbia. Aliyempa kazi hii ni Vidhu Vinod Chopra. Kwenye "Ek Ladki Ko Dekha" mshairi Javed Akhtar anamlinganisha msichana na vitu, kimoja baada ya kingine bila kupumzika: ua la waridi, ndoto ya mshairi, paa wa msituni, usiku wa mbalamwezi. Mtunzi mwingine angeweka kiitikio kila baada ya mistari minne. Burman hakuweka. Ameacha tashbihi zipande ngazi, muziki ukipanda nao, na msichana hatajwi jina hata mwisho. Miezi mingi baada ya kufa kwake, Filmfare walimpa tuzo ya mtunzi bora wa mwaka.

Mama wimbo huu anauimba wote, na Kihindi hajui. Nikamfasiria. "Ushairi nilihisi," akasema, kwa sababu neno *shayar* amelishika, ni mshairi wetu yuleyule kwa mlango mwingine. Lakini *hiran* kumtajia kuwa ni paa, aliweka chini kikombe. "Miaka yote hii nadhani ni jina la baba wa msichana."

Jumamosi, 2 Machi

Kitendawili cha kasi kimeteguliwa, na sijui nicheke au nilie.

Nilikwenda kwa mjomba kuchukua ile droo iliyobaki. Shikamoo, marahaba, chai, kisha nikamuuliza kwa adabu kama huenda deki yake ya kurekodia mkanda ulilegea zamani zile. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Mkanda wangu ulegee? Nilipunguza mwenyewe."

Akanyanyuka, akatoa ile deki uvunguni, imefunikwa khanga. Nyuma ya mota kuna kitundu, ndani yake skrubu ya kurekebishia kasi. Yeye aliizungusha kidogo kuelekea polepole, akaitia tone la rangi ya kucha ya mkewe isitikisike. Hesabu yake: kaseti ya dakika sitini, ukirekodi polepole kidogo, inameza karibu dakika mbili zaidi. Nyimbo za Kihindi ndefu, wateja walikuwa wanagomba wimbo wa mwisho ukikatika njiani. Kwa dakika mbili hizo wimbo unamalizika, mteja anarudi kesho. Nyumbani kwa mteja kanda inakwenda haraka kidogo, lakini nani ana ya kulinganisha?

"Na sauti za kike zilinoga zaidi," akaongeza.

Kwa hiyo mtaa mzima, kuanzia barabara ya kumi hadi ya ishirini, umemjua Lata Mangeshkar akiwa juu kwa asilimia tatu. Nami pia. Niliyokuwa naita kasi sahihi utotoni ilikuwa skrubu na rangi ya kucha.

Jumamosi, 9 Machi

Ramadhani Jumanne, kwa hiyo leo nimefunga orodha.

Ya kwanza *1942*. Ya pili *Hum Aapke Hain Koun*, na najua ugomvi utatokea. Ya tatu *Pulp Fiction*, kwa ajili ya mchele wa mama. Halafu simba, halafu Brahem, halafu *Chungking Express*. Chini yao Thomas Newman na *Shawshank*, kisha *Above the Rim*. Nafasi ya tisa nimempa A. R. Rahman na *Kadhalan*, kwa ngoma ya "Muqabla" iliyotuvunja viuno bila kujua maneno. Ya kumi ni Preisner, mtunzi wa Poland: filamu ya tatu ya rangi za mwongozaji Kieślowski, ile nyekundu, bolero yake. Hiyo hakuna aliyeiunga mkono. Ni yangu.

Kilichobaki ni uamuzi wa kasi. Nimekwishatengeneza mafaili ya aina mbili, ya studio na ya mjomba. Nimeamua tutapiga ya studio. Burman aliisikia hivyo, na mimi si mwenye kibanda.

Jumapili, 14 Aprili

Jana usiku ndiyo ilikuwa. Idi ilikuwa Jumatano, biskuti zilikuwa bado zipo. Mvua ilinyesha alasiri, tukahamishia spika chini ya bati, watu wakakaa kwenye mikeka na wengine mlangoni. Sikuwahesabu. Vikombe ishirini na tano havikutosha.

Dick Dale na Brahem nilivyowapanga walifanya kazi. Mzee mmoja aliyewahi kupiga gitaa kwenye vikundi vya taarabu hapa mjini alifuata "Misirlou" kwa vidole kwenye goti, na Brahem alipoingia vidole vikasimama, akainamisha kichwa. Preisner aliwapa watu nafasi ya kwenda chooni. "Regulate" wapwa waliicheza mpaka jirani akaja kuona kuna nini, akabaki.

Saa nne kasoro nikaweka "Ek Ladki Ko Dekha", faili safi, kasi ya studio. Watu wakaanza kuimba mstari wa kwanza tu. Wote, kina mama wa mkeka wa mbele wakiongoza. Na wote wakamtangulia Kumar Sanu. Walifika kwenye waridi yeye bado yuko njiani. Wakamngojea, wakaanza tena, wakamtangulia tena. Walipofika kwa yule paa wa msituni, kicheko kikavunja wimbo katikati.

Mjomba akanyanyuka kwenye kiti chake, akaja polepole mpaka kwenye kompyuta, akainama karibu kabisa na kioo.

"Hapa skrubu iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kishale. Akakisogeza mwenyewe kwa kidole, kidogo, kidogo tena, mpaka ikaandika tatu. Kisha akaniambia niurudishe wimbo mwanzo.